Mkataba wa Tatu Ndio Unaofunga Mlango wa Chuo Kikuu



Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa mwezi Julai, huwa tunashuhudia furaha kubwa katika misikiti yetu ya Mkolani, Nyegezi, Butimba na Buhongwa. Wazazi wa vijana waliofaulu hupongezwa baada ya swala, takbira hupigwa na dua huombwa. Lakini vyuo vikuu vinapofungua mwaka wa masomo, baadhi ya vijana hao hao hawaonekani chuoni. Ukiuliza waliko utaambiwa kwamba fulani yupo Muscat, fulani yupo Doha, na fulani anangoja viza ya Jeddah. Kisha mzazi huongeza maneno ya kujiliwaza: "Amekwenda kufanya kazi kidogo tu, miaka miwili. Akirudi ataingia chuo kikuu."

Tunapenda leo tuyatazame maneno hayo kwa makini, kwani yamekuwa yakisemwa kwa wepesi ilhali yanabeba umri wa mtu. Hatusemi kwamba safari ya kazi ni haramu, wala hatumlaumu kijana anayetafuta rizki ya halali mbali na kwao. Tunachokisema ni kwamba safari ya kazi haiwi njia ya kwendea chuoni kwa sababu tu tumetamka hivyo siku ya kuagana. Njia hiyo hutengenezwa kabla ya safari, na sehemu kubwa ya kazi ya kuitengeneza iko mikononi mwetu sisi tunaobaki nyumbani.

Viza ya kazi na viza ya masomo

Liko kosa la kwanza ambalo husababishwa na kutokujua. Wengi wetu hudhani kwamba kijana akishafika Ghuba na kuzoea nchi, basi ataweza kuhamia chuoni huko huko. Hali haiko hivyo. Ukaazi wa mfanyakazi mgeni katika nchi za Ghuba umefungamanishwa na kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini. Ameingia kwa ajili ya kazi maalumu na kwa mtu maalumu. Mkataba ukikatika, ukaazi nao unakatika.

Ni kweli kwamba sheria zimelegezwa katika miaka ya karibuni. Oman, kuanzia Januari 2021, iliondoa sharti la barua ya kutopinga kwa mfanyakazi aliyemaliza mkataba na anayetaka kuhamia kwa mwajiri mwingine. Qatar nayo iliondoa sharti kama hilo mwaka 2020, na Machi 2021 ikaanza kutumia kima cha chini cha mshahara cha riyali 1,000 kwa mwezi. Haya ni maendeleo na tunayashukuru. Lakini tuyaelewe vizuri: yamemwezesha mfanyakazi kutoka kwa mwajiri mmoja kwenda kwa mwajiri mwingine. Hayakumgeuza mfanyakazi kuwa mwanafunzi. Anayetaka kusoma huko hulazimika kuomba chuo, kukubaliwa, na kupata ukaazi wa masomo wenye masharti yake.

Wala jambo hili si la Ghuba peke yake. Yako mataifa tajiri yenye utaratibu wa kuwaruhusu vijana wa nchi nyingine kuingia kwa mwaka mmoja au miwili, watembee na kufanya kazi za muda. Uingereza ilikuwa na mpango wa namna hiyo kwa vijana wa Jumuiya ya Madola wenye umri wa miaka 17 hadi 30, na Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya hiyo. Mpango huo ulifungwa mwaka 2008, na nafasi yake ikachukuliwa na mpango mwingine ambao nchi yetu haimo. Australia ingali inao utaratibu huo kwa nchi ilizopatana nazo, lakini hata huko aliyeingia kwa viza ya likizo ya kazi haruhusiwi kusoma zaidi ya miezi minne. Akitaka shahada ni lazima aombe viza ya mwanafunzi. Basi ikiwa kijana kutoka Ulaya, mwenye pasipoti inayofungua milango mingi, hutenganishiwa kazi na masomo, itakuwaje kwa binti yetu wa Mkolani ambaye pengine hata pasipoti yake ameishika mwajiri?

Tumeitaja pasipoti kwa sababu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Ripoti hiyo ilieleza habari za walionyang'anywa pasipoti, waliofanya kazi saa nyingi bila siku ya mapumziko, na wasiolipwa walichoahidiwa. Wako waajiri wema, na wako mabinti waliorudi salama na fedha zao, alhamdulillahi. Lakini mtu asiyekuwa na siku ya kupumzika atashika kitabu saa ngapi? Tusimwambie binti, "utasoma huko huko," kana kwamba tunamwagiza kanga dukani.

Hesabu ya miaka

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo ni la kudhani kwamba chuo kikuu kitangoja. Majengo yatangoja, lakini masharti hayangoji. Tufanye hesabu pamoja, na tunawaomba maimamu waisome hesabu hii mbele ya vijana.

Tuchukue mfano wa kijana anayemaliza kidato cha sita akiwa na umri wa miaka 20. Siku hiyo milango yote iko wazi mbele yake. Ufadhili wa Serikali ya Uturuki kwa shahada ya kwanza umekuwa ukiwataka waombaji wawe chini ya miaka 21, kwa hiyo bado anayo nafasi. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichoanzishwa mwaka 1961 na ambacho huwasomesha wageni kwa ufadhili, kimekuwa na sharti la umri usiozidi miaka 25, na cheti cha sekondari kisichozidi miaka mitano. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ya hapa kwetu, katika miongozo yake ya miaka ya karibuni, imekuwa ikiwataka waombaji wawe wamemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano.

Sasa kijana huyo anakwenda Ghuba kwa mkataba wa miaka miwili. Anaumaliza akiwa na miaka 22. Mlango wa Uturuki umeshafungwa, lakini Madina na Bodi ya Mikopo bado wangempokea. Nyumbani wanamwambia, "Mwanangu, ongeza mkataba mmoja tu, tumalizie bati." Anaumaliza wa pili akiwa na miaka 24, na cheti chake kina miaka minne. Hapo amebakiwa na mwaka mmoja tu wa kuwahi. Wanamwambia tena, "Mdogo wako anaingia sekondari, na harusi ya dada yako imekaribia." Anasaini mkataba wa tatu. Akiumaliza ana miaka 26, cheti kina miaka sita, na ile milango mitatu yote imefungwa. Hakuna aliyemwambia "usisome." Kila mmoja alimwambia "bado kidogo," na yale "bado kidogo" yakajumlishwa yakawa miaka sita.

Hapana shaka bado ataweza kusoma. Ataweza kuomba chuo cha hapa nchini na kujilipia ada mwenyewe, au kujiunga na Chuo Kikuu Huria. Rehema za Mwenyezi Mungu ni pana na elimu haina uzee. Lakini tuseme ukweli: ile njia iliyokuwa na msaada wa serikali au wa wafadhili ameipoteza, na sasa analazimika kupanda mlima huo huo akiwa na mzigo mkubwa zaidi, na pengine akiwa na mke na watoto.

Wavuvi wetu wa dagaa wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Wao huingia ziwani na taa zao usiku wa giza. Mbalamwezi ikishaenea, taa haifai kitu, nao hubaki ufukweni wakishona nyavu na kungoja mwezi ufifie. Hakuna mvuvi anayepoteza usiku wa giza kwa kulala na kusema kwamba atavua mwezi ukipevuka. Ujana nao una usiku wake wa kuvulia, na mafundisho ya Mtume (S.A.W.) juu ya kuuthamini ujana na wasaa kabla havijaondoka tumeyasikia katika khutba nyingi. Tofauti ni kwamba mbalamwezi ya mvuvi hupita na giza likarudi, ilhali miaka ya kijana haina marejeo.

Fedha inakwenda wapi?

Tukiulizwa ni nani anayewazuia vijana hawa kuingia chuo kikuu, wengi wetu huwanyooshea kidole makafili wa Ghuba au mawakala. Makafili wana makosa yao, na mawakala wanayo mengi zaidi. Lakini mkataba wa pili na wa tatu mara nyingi hautokani na kafili. Unatokana na simu inayopigwa kutoka nyumbani.

Tufanye hesabu nyingine. Tuseme kijana anabakiwa na kiasi cha shilingi laki nne kwa mwezi baada ya matumizi yake. Kwa miezi 24 hizo ni shilingi milioni tisa na laki sita. Robo ya fedha hiyo ni milioni mbili na laki nne. Ada ya mwaka katika vyuo vikuu vingi vya nchini inazidi shilingi milioni moja. Maana yake ni kwamba robo tu ya mapato ya mkataba mmoja, ikiwekwa na isiguswe, ingemfikisha kijana mwaka wa pili wa masomo au karibu yake, hata kama hakupata mkopo wala ufadhili. Na hiyo ni robo. Robo tatu zimebaki kwa wazazi, wadogo zake, na sadaka.

Je, robo hiyo huwekwa? Ni mara chache. Fedha hufika kwa simu mwanzoni mwa mwezi, na kufikia katikati ya mwezi imekwisha. Baadhi yake hukidhi haja za kweli: dawa ya bibi, ada ya mdogo mtu, unga wa nyumbani. Haki ya wazazi kwa mtoto wao ni kubwa na hatuthubutu kuipunguza. Lakini nyingine huishia katika sherehe za siku moja, sare za harusi, na kuta za nyumba ambazo husimama miaka mingi bila bati. Tunauliza kwa heshima: je, mzazi anayesema kuwa mtoto amekwenda kutafuta ada, kisha akaila ile ada, amemsaidia mtoto au amemkopa bila kumwambia?

Katika Surat Yusuf tumefundishwa namna Nabii Yusuf (A.S.) alivyowaelekeza watu wa Misri kuweka akiba ya nafaka katika miaka saba ya neema, wakila kidogo katika kile wanachovuna, ili iwafae katika miaka saba ya ukame. Akiba ile haikuwekwa baada ya watu kushiba na kusaza. Iliwekwa kwanza, kwa mpango, na ikalindwa. Miaka ya mkataba ndiyo miaka ya neema ya kijana wetu. Ikiwa yote italiwa katika mwaka ule ule inamovunwa, atakula nini akiwa darasani?

Wanaosema shahada haina faida

Wako wanaotupinga, na hoja yao haifai kupuuzwa. Wanasema: "Mnatuhimiza vyuo vikuu, ilhali wahitimu wamejaa mitaani wanaendesha bodaboda. Aliyekwenda Oman amejenga, aliyekwenda chuo anaomba nauli. Basi kuna haja gani?"

Tunakubali kwamba ajira ni ngumu na kwamba shahada peke yake si dhamana ya mshahara. Lakini tunawajibu kwa mambo mawili. La kwanza, kazi ya mkataba huisha. Kijana wa miaka 20 hupokelewa kwa mikono miwili, lakini mwenye miaka 40 na maumivu ya mgongo hapokelewi kwa urahisi huo, na siku anaporudishwa hana ujuzi ulioandikwa popote. La pili, jamii yetu hapa kandokando ya ziwa inahitaji wauguzi wa kike watakaowahudumia mama zetu, walimu wa hisabati na fizikia, wanasheria watakaozisoma hati za mirathi na za viwanja vya misikiti, na wahasibu watakaokagua vitabu vya taasisi zetu wenyewe. Hatuwezi kulalamika kila mwaka kwamba Waislamu ni wachache katika nafasi hizi, huku tukiwapeleka waliofaulu wetu wakaoshe magari ya watu kwa miaka sita.

Wengine wanasema kuwa kikwazo chao ni riba iliyomo katika mikopo. Hofu hiyo ni ya kuheshimiwa, na ilikuwa na msingi, kwani deni la mwanafunzi lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo. Lakini ikumbukwe kwamba siku ya Mei Mosi 2021, hapa hapa Mwanza katika Uwanja wa CCM Kirumba, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo hiyo. Mwenye shaka juu ya ada ya uendeshaji iliyobaki na awaulize wanazuoni, apate jibu, kisha aamue. Asiache kusoma kwa sababu ya jambo ambalo hajaliulizia.

Wala asiseme mtu kwamba vyuo viko mbali. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kipo Malimbe, jirani kabisa na sisi, na ingawa ni cha Kanisa Katoliki, Waislamu wanasoma pale na wanahitimu. Chuo Kikuu Huria, kilichoanza kufundisha mwaka 1994, kina kituo chake hapa Mwanza. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kimekuwa kikipokea wanafunzi tangu mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, tangu 1988. Kwa upande mwingine tunasikitika kwamba mlango wa Khartoum, ambako vijana wengi wa Kiislamu wa Afrika Mashariki walikuwa wakisoma katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, ulitikiswa na vita vilivyozuka tarehe 15 Aprili 2023, na wanafunzi wa Kitanzania wakalazimika kurejeshwa nyumbani. Hilo nalo litufunze kwamba mlango uliofunguka leo huenda kesho usiwepo.

Mfano wa Madyan

Anayetafuta mfano wa safari ya kazi iliyomalizika kwa kheri, na aisome tena Surat al-Qasas. Nabii Musa (A.S.) alitoka Misri akiwa mkimbizi asiye na kitu, akafika Madyan, akapata kazi ya kuchunga kwa mzee mwema. Tuzingatie namna mkataba ule ulivyofungwa. Muda ulitajwa tangu mwanzo: miaka minane, na akipenda kutimiza kumi itakuwa hiari yake. Ujira nao ulijulikana, na mwajiri aliahidi kutomtaabisha. Musa alipoutimiza muda aliondoka na ahali yake, na ni katika safari ile ya kurejea ndipo alipoitwa kwenye jambo kubwa kuliko kuchunga mifugo.

Hakuongezewa mwaka wa kumi na moja kwa kuwa mifugo ilikuwa inazaa vizuri, wala hakuna aliyemzuilia kwa kumwambia "bado kidogo." Mkataba wake ulikuwa na mwanzo na mwisho, na mwisho huo uliheshimiwa na pande zote mbili. Hicho ndicho tunachokitaka kwa vijana wetu.

Tufanye nini?

Hatupendi kuandika malalamiko yasiyo na njia. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matano, ambayo msikiti wowote unaweza kuyaanza bila kungoja mfadhili.

Kwanza, nia iandikwe. Kijana anapotaka kusafiri, wakae yeye, wazazi wake na mashahidi wawili wa msikiti, waandike karatasi moja: anakwenda kwa muda gani, atarudi mwezi gani, anakusudia kusoma nini, na ni kiasi gani cha mshahara kitawekwa kwa ajili hiyo. Aya ya 282 ya Surat al-Baqara imetuamrisha kuandika madeni ya muda na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la fedha linaandikwa, ahadi juu ya umri wa mtoto inastahili zaidi kuandikwa.

Pili, fedha ya masomo iwekwe katika akaunti yenye jina la kijana mwenyewe, na mtu wa nyumbani asiwe na uwezo wa kuitoa. Tangu ilipofunguliwa Amana Bank mwaka 2011, na benki nyingine kuanzisha huduma zisizo za riba, kisingizio cha kukosa mahali pa halali pa kuweka akiba kimepungua. Robo ya mshahara itangulie huko, kisha ndipo kilichobaki kije nyumbani.

Tatu, nyaraka ziandaliwe kabla ya safari. Vyeti halisi vya mitihani na cheti cha kuzaliwa vibaki mahali salama, na kijana achukue nakala. Mkataba wa kazi usomwe na mtu anayeelewa, na upitie kwa ofisi ya Serikali inayoshughulikia huduma za ajira. Aliyemaliza kidato cha nne tu aelezwe wazi kwamba cheti hicho peke yake hakimwingizi chuo kikuu. Atahitaji kidato cha sita au stashahada. Ni afadhali aanze mojawapo kabla ya kuondoka kuliko kuligundua hilo baada ya miaka minne.

Nne, kila msikiti umteue mtu mmoja, mwalimu au mwanafunzi wa chuo, awe mfuatiliaji wa kalenda. Kazi yake ni kujua ni lini maombi ya vyuo yanafunguliwa chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, ni lini Bodi ya Mikopo inapokea maombi, na ufadhili gani umetangazwa. Kisha amtumie ujumbe kijana aliyeko Muscat au Doha mapema, ili mkataba wake uishe kabla ya dirisha la maombi, si baada yake. Vijana wengi wamepoteza mwaka mzima kwa kurudi mwezi Desemba, masomo yakiwa yameshaanza.

Tano, anayerudi apokelewe kama mwanafunzi. Desturi yetu ni kumpokea kama mtu aliyerudi na mali. Siku ya tatu tu tangu ashuke kwenye basi Nyegezi, wenye shida wamejipanga mlangoni. Kamati ya msikiti ina heshima ya kutosha kuwaambia watu: huyu fedha yake ina kazi, mwacheni.

Na katika yote haya tusiwasahau mabinti. Wao ndio wanaokwenda katika majumba ya watu, ambako hatari ni kubwa zaidi, na wao ndio ambao ahadi ya chuo husahauliwa upesi, kwa hoja kwamba ataolewa. Binti aliyevumilia miaka miwili katika jiko la wageni kwa ajili ya ada yake ana haki ya ada hiyo sawasawa na kaka yake. Kumnyima ni dhulma, na dhulma haiwi ndogo kwa kuwa imefanywa na jamaa.

Neno kwa wazazi na kwa vijana

Enyi wazazi, watoto hawa ni amana. Aliyefaulu mtihani amekwisha kuwapa dalili ya kile ambacho Mwenyezi Mungu amemjaalia. Ikiwa hali ya nyumbani inalazimisha aende kazini kwanza, basi na aende kwa mkataba mmoja, mkihesabu miezi pamoja naye. Siku atakapopiga simu kusema kuwa muda umekwisha, mzazi asiseme "ongeza." Aseme, "Rudi mwanangu, ada yako ipo."

Nanyi vijana, msiwatupie wazazi lawama yote. Wako miongoni mwenu wanaosaini mkataba wa pili kwa sababu ya simu mpya na mavazi, kisha wakasema wamezuiwa na familia. Kila mmoja anaijua nafsi yake. Aliyekwenda kwa nia ya kusoma na aihesabu nia hiyo kila mwisho wa mwezi, kama anavyouhesabu mshahara.

Tunatazamia kwamba Julai ijayo, takbira zitakapopigwa tena misikitini mwetu, kamati zitakuwa tayari na daftari na kalamu. Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wetu walio mbali, awalipe waliodhulumiwa, na awarejeshe salama wakiwa bado na muda wa kujifunza yenye manufaa kwao na kwa umma wao. Amin.

Wabillahi tawfiq.